Patasi sita za Pangani: shajara ya kuzirudishia makali

Karakana yangu iko Ngamiani, Tanga. Ninaandika kila hatua inapokamilika ili fundi mwingine aweze kuifuata akiwa na vifaa vya kawaida. Nitatumia maneno matatu mara kwa mara. Mdomo ni ncha inayokata. Mshazari ni upande ulioinamishwa, ule ambao wengi wetu tunaunoa. Bapa ni upande wa pili, ulionyooka, kama tunavyosema bapa la panga.

8 Juni 2024. Nilichonunua

Fundi mmoja wa Pangani ameacha useremala kwa sababu ya macho. Ameniuzia patasi sita kwa shilingi 45,000. Nimeziandika namba kwa chaki.

Na. 1 ni ya inchi moja na Na. 2 ni ya robo tatu. Zote mbili zina chapa ya Sheffield, Uingereza, na chini yake maneno CAST STEEL. Kijana ninayemfundisha alipoyasoma akasema, "Fundi, hii ni chuma cha kumimina, si itapasuka kama jiko?" Nilimwelewa, lakini sivyo. Maneno hayo maana yake ni chuma kilichoyeyushwa ndani ya chungu ili takataka zitoke na kaboni isambae sawasawa, njia iliyoanzishwa Sheffield na Benjamin Huntsman miaka ya 1740. Ndiyo feleji yenyewe. Ukiona maandishi hayo kwenye lundo la vyuma chakavu, usiyapite.

Na. 3 ni nusu inchi, mdomo wake una doa la buluu. Na. 4 ni robo inchi, nene, ya kuchimbia matundu ya ulimi (tundu ambamo ncha iliyochongwa ya mbao nyingine, yaani ulimi, huingia), na pembe moja imevunjika. Na. 5 ilitengenezwa na mhunzi kutokana na tupa kuukuu. Meno ya tupa bado yanaonekana ubavuni. Na. 6 ni inchi moja na nusu, ya dukani, mpini wa plastiki.

Jioni ileile nilichukua Na. 2, ambayo haikuwa na kutu nyingi, nikanoa mshazari kwenye jiwe la pande mbili kwa karibu saa mbili. Mshazari ulikuwa unang'aa kama sarafu mpya. Nikaijaribu kwenye kichwa cha ubao wa mpaini, pale nyuzi za mti zinapokatwa kwa kukingama, na haikukata. Ilizibonyeza nyuzi na kuzing'oa, pakabaki vishimo vyeupe. Nikaongeza nusu saa, hali ikawa ileile.

Nikampigia mzee aliyeniuzia. Baada ya shikamoo na marahaba nikamweleza. Hakuuliza jiwe gani wala pembe gani. Aliuliza, "Ulianza na upande gani, mwanangu?" Nilipomwambia, akasema nigeuze patasi, niilaze bapa juu ya jiwe, nisukume mara kumi, kisha nitazame palipong'aa.

Paling'aa katikati tu, na kando kidogo. Karibu na mdomo, upana wa punje ya mchele, hapakuguswa kabisa. Makali ni mahali ambapo nyuso mbili zinakutana. Nilikuwa nimesafisha uso mmoja na kuukutanisha na kutu ya uso wa pili. Miaka 11 nimekuwa seremala na muda wote huo nimenoa nusu ya patasi.

13 Juni. Kutu, na siki iliyopitiliza

Na. 2, 3, 5 na 6 nilizisugua kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, zikatosha. Na. 1 na Na. 4 zilikuwa na kutu ya magamba, nikazilaza kwenye siki ndani ya kipande cha bomba la plastiki kilichozibwa upande mmoja. Nilipanga zilale usiku mmoja. Asubuhi yake kukatokea msiba Muheza, nikarudi baada ya siku tatu.

Siki ilikuwa nyeusi kama kahawa. Kutu ilitoka yote, lakini siki ikimaliza kutu huendelea na chuma chenyewe. Uso wa Na. 1 ulikuwa wa kijivu, mkavu, na vishimo vilivyokuwepo vilikuwa vimechimbika zaidi. Vitano viko kwenye bapa, ndani ya sentimita moja kutoka mdomoni, na hapo ndipo pabaya kuliko popote. Kishimo kilicho mbali na mdomo hakina madhara. Kilicho mdomoni ni pengo, na kila ukinoa mshazari ukarudi nyuma unakutana na kishimo kingine.

Nilichofanya baada ya hapo: nimeziosha kwa maji yenye magadi ili kuua asidi, nimezikausha juani, nimezipaka mafuta palepale. Chuma kilichotoka kwenye siki hushika kutu mpya ndani ya dakika chache kwa hewa yetu ya bahari. Kwa atakayefuata: siki iangaliwe kila baada ya saa tatu au nne, na kama unatoka nyumbani, toa patasi kwenye siki kwanza.

22 Juni. Bapa kwenye ubao: imeshindikana

Sikutaka kununua kioo. Nilichukua ubao wa mninga, nikaupiga randa hadi rula ikakaa bila kuonyesha mwanga, nikabandika msasa wa maji namba 120 (namba ikiwa ndogo msasa ni mkali) kwa gundi, nikaanza kusugua bapa la Na. 2.

Maji yalipenya chini ya msasa, mninga ukavimba katikati. Sikuuona uvimbe kwa macho, patasi ndiyo iliyonionyesha. Bapa lilianza kuteremka karibu na mdomo na kando zake zikawa za mviringo, yaani ubaya uleule niliokuwa nauondoa nikauzidisha. Karatasi nne za msasa zimeharibika.

23 Juni. Bapa kwenye kioo

Nimeenda kwa mafundi wa madirisha ya aluminiamu, nikapata kipande cha kioo cha milimita 6, sentimita 40 kwa 20, kwa shilingi 5,000. Wao kwao ni mabaki. Kioo kiwekwe juu ya meza iliyonyooka, na chini yake kitambaa chenye unyevu ili kisiteleze. Msasa wa maji hauhitaji gundi: lowesha kioo, laza karatasi, unashika wenyewe.

Kabla ya kusugua, paka bapa lote wino mweusi wa kalamu nene. Sugua mara tano, tazama. Wino uliobaki unakuonyesha mabonde. Bila wino utajidanganya, maana chuma kilichong'aa kidogo na kilichonyooka vinafanana.

Si lazima bapa lote linyooke. Sentimita 3 za mbele zinatosha, nyuma pabaki kama palivyo. Kosa nililofanya kwenye Na. 6, na nililolirekebisha kwenye Na. 2, ni la mkono. Mkono unaoshika mpini ukipanda hata kidogo wakati wa kusukuma, mdomo unaliwa na bapa linakuwa na kilima. Sasa mkono wa kulia unaongoza tu, haubonyezi. Vidole viwili vya kushoto ndivyo vinavyobonyeza, juu kabisa karibu na mdomo. Na patasi haitoki nje ya ukingo wa kioo.

Na. 2 imechukua dakika 50 kwa namba 120, kisha dakika tano tano kwa 240, 400, 800, 1000 na 2000. Theluthi mbili ya kazi yote ni hiyo namba ya kwanza. Ukiihama kabla wino haujaisha mdomoni, namba zinazofuata zitang'arisha kosa tu.

Baada ya namba 2000 bapa likawa kama kioo cha kujitazamia, nikaona ndani yake mstari wa bati la paa na dirisha nyuma yangu. Kisha nikageuza ubavu, na hapo palikuwa na kitu ambacho sikukitarajia. Kwenye mshazari niliounoa siku ile ya kwanza kuna mstari mwembamba unaokwenda kutoka kando hadi kando. Juu yake chuma ni cha kijivu, kimefifia, na chini yake, upande wa bapa, kuna utepe mweupe unaometa. Ni vyuma viwili vilivyounganishwa kwa moto. Wahunzi wa zamani wa Uingereza, kama wale wa Japani hadi leo, waliweka feleji ngumu upande wa bapa tu na kuibebesha chuma laini, kwa sababu feleji ilikuwa ghali na peke yake huvunjika kwa urahisi. Kwa hiyo ule unene mdogo wa bapa ndio makali yote ya patasi hii, ya leo na ya miaka ijayo. Toka niuone mstari huo nasugua bapa kwa uangalifu zaidi: nikishapata sentimita zangu 3, nasimama.

30 Juni. Na. 1 inakataa kulala

Vile vishimo vitano vya siki vilinichosha. Baada ya saa moja na nusu vilikuwa vimebaki vitatu. Nikatafuta njia ya mkato: nikainua mpini kidogo, kama unene wa shilingi mia, nikanoa bapa likiwa limeinuka hivyo mara ishirini. Vishimo viwili vya mdomoni vikaisha, nikamalizia mshazari, patasi ikanyoa vinyweleo vya mkono.

Asubuhi nikaipeleka kwenye fremu ya mlango, kupunguza ulimi. Unalaza bapa juu ya mbao na kusukuma, patasi inateleza bila kukata, au inapanda. Ili ikate ni lazima uinue mpini, na ukiinua inazama. Haina tena uso wa kujiongozea. Kwa jembe la randa, yaani kisu chake, njia hiyo inafaa, maana randa ina kitako chake cha kuiongoza. Patasi inaongozwa na bapa lake, haina kitu kingine.

Nimerudi kwenye namba 120 na kuanza upya. Kosa la mara ishirini limechukua saa mbili na robo kuondoka. Kishimo kimoja kimebaki, milimita 6 kutoka mdomoni, kando ya kushoto. Nimekiacha. Kitakapofikiwa, kitasuguliwa wakati huo.

6 Julai. Mshazari

Pembe ninazozifuata ni nyuzi 25 kwa mshazari mkubwa na nyuzi 30 kwa mshazari mdogo, utepe wa milimita moja hivi mdomoni. Ile ya kuchimbia matundu, Na. 4, nyuzi 35, kwa sababu inapigwa na kung'oa.

Kipimapembe cha mkebe wa shule kinafanya kazi, lakini karakanani natumia kipimo cha haraka. Pima unene wa patasi pale mshazari unapoanzia, kisha pima urefu wa mshazari wenyewe. Urefu ukiwa mara mbili ya unene, pembe ni nyuzi 30. Ukiwa karibu mara mbili na nusu, ni nyuzi 25 au chini yake kidogo. Na. 3 ilikuwa na urefu sawasawa na unene mara moja na robo, yaani zaidi ya nyuzi 50. Hiyo inapasua mbao, haikati.

Kushika pembe kwa mkono mtupu sikuweza. Kila mara mshazari ulitoka wa mviringo. Nimetengeneza kigari cha mbao: kipande cha mkongo chenye uso ulioinama, kimo sentimita 4.7 kwa kila sentimita 10 za urefu, ambayo ni nyuzi 25. Kwa nyuzi 30 kimo ni 5.8. Patasi inalazwa kwenye uso huo, bapa juu, inabanwa kwa kipande cha mbao na skrubu mbili zenye nati, mdomo ukitokeza chini. Nusu ya kioo ina msasa na nusu iko tupu. Kigari kinatembea kwenye kioo kitupu, mdomo unatembea kwenye msasa, unasukuma kulia na kushoto.

Kigari cha kwanza kilikuwa na kosa: ukuta wa kuegemeza patasi haukuwa mraba, mdomo ukatoka kwenda kombo kwa milimita moja. Skwea, kifaa cha kupimia mraba, iwekwe ubavuni mwa patasi kabla ya kukaza skrubu, kila mara, hata kama ulikwisha kuiweka jana.

Unajua umefika mdomoni ukipapasa bapa kwa kidole na kusikia uzi. Ni chuma chembamba mno kilichojikunjia upande wa pili, kinakwaruza ngozi ya kidole kama ukingo wa bati. Upapase kutoka nyuma kwenda nje ya mdomo, usipitishe kidole kwa kukingama. Uzi ukiwa upo kuanzia pembe hadi pembe, hamia namba inayofuata. Ukiwa haupo hata sehemu moja ndogo, bado.

13 Julai. Buluu

Doa la Na. 3 limetokana na jiwe la umeme, lile la kunolea linalozungushwa na mota. Chuma cha patasi kikipata moto hubadilika rangi: manjano ya majani makavu karibu nyuzi joto 220, kahawia 250, zambarau kuelekea 280, buluu ikikaribia 300. Rangi yenyewe ni ngozi tu, ukiisugua inatoka. Ugumu uliopotea haurudi pamoja na kung'aa. Ndiyo sababu doa hilo lililosuguliwa nusu lilikuwa hatari kwangu, sikujua limeingia hadi wapi.

Tupa imenisaidia. Nimeipitisha taratibu kwenye ubavu wa patasi kuanzia mdomoni. Milimita 4 za kwanza tupa ilishika na kutoa unga. Zilizofuata iliteleza kwa sauti kali kama inapita juu ya kioo. Nikachora mstari kwenye mpaka huo na kuziondoa zile milimita 4.

Kuziondoa kwa mkono kungechukua siku nzima, kwa hiyo jiwe la umeme likahitajika, na hapo tukapata hasara ya pili. Nilimwonyesha kijana kwenye Na. 3 bila tatizo. Yeye akachukua Na. 6 nikiwa napokea mteja. Aliibonyeza kwa sekunde tatu au nne tu, na pembe moja ikawa buluu. Alikuja nayo mkononi, hakuificha, na hilo nalithamini. Nilikosa mimi kumwachia kabla ya kumweleza kwamba pembe hupata moto mbele ya sehemu nyingine, kwa kuwa joto halina pa kukimbilia.

Sasa tunafuata hivi. Uso wa jiwe uchongwe upya kwanza, maana jiwe lililojaa vumbi la chuma linasugua bila kukata na joto ndilo linalozidi. Ndoo ya maji iwe karibu. Patasi itoke majini na tone moja libaki juu yake, karibu na mdomo. Tone likianza kucheza, rudisha majini. Maji yanachemka kwa nyuzi joto 100, chini kabisa ya ile 220 inayoleta madhara, kwa hiyo tone linaonya mapema. Na kazi ya jiwe iishie milimita moja kabla ya mdomo. Iliyobaki ni ya kioo na msasa.

28 Julai. Patasi ya tupa

Na. 5 ilikuwa inanoleka kuliko zote na kuvunjika kuliko zote. Pigo la kwanza kwenye mkongo, mdomo ukaacha vipande vidogo kama chenga za kioo. Tupa ni ngumu mno, mhunzi aliinoa bila kuilegeza, yaani kuipasha moto kidogo ili ugumu upungue.

Kwanza nimeondoa meno yote ya tupa ubavuni, maana kila mtaro wa jino ni mahali pa kuanzia ufa. Nimeing'arisha ili rangi zionekane. Nikaweka kikaango kikuukuu juu ya jiko la mkaa, kimejaa mchanga mkavu wa pwani uliochekechwa, nikaifukia patasi mdomo ukiwa ndani.

Mara ya kwanza imeharibika. Mdomo ni mwembamba, unapata joto kabla ya mwili. Nilikuwa natazama mwili ukiwa bado mweupe, nilipochomoa mdomo ulikuwa umepita manjano na kahawia hadi zambarau. Ikabidi kuanza na kuifanya ngumu upya: mkaa na feni hadi chuma kikawa chekundu na sumaku ya spika ya redio ikaacha kukinasa, kisha moja kwa moja ndani ya mafuta ya alizeti yaliyopashwa moto kidogo. Sumaku ni ya kuaminika kuliko jicho, kwa sababu mchana wekundu hauonekani vizuri. Fanyeni nje, mfuniko wa chuma uwe tayari, mafuta yakishika moto yafunikwe, yasimwagiwe maji.

Mara ya pili nimegeuza: mwili ndani ya mchanga, mdomo juu hewani. Rangi ilipanda polepole kutoka chini. Manjano ya majani makavu ilipogusa mdomo nikaizamisha kwenye maji. Imepiga matundu mawili kwenye mkongo bila kupoteza chembe. Naipenda patasi hii sasa kuliko mbili za Sheffield, na sioni aibu kuandika hivyo. Imetengenezwa hapa.

4 Agosti. Ngozi, na mipini

Fundi viatu ameniuzia ukanda wa ngozi ya ng'ombe kwa shilingi 3,000. Nimeubandika kwenye ubao, upande wa nyama juu, nikapaka dawa ya kijani ya kung'arishia vyuma. Patasi inavutwa kurudi nyuma tu, mara kumi mshazari na mara kumi bapa, bapa likiwa limelala kabisa. Ukisukuma mbele unakata ngozi. Ukibonyeza sana ngozi inadidimia na kuzungusha mdomo. Huo uzi wa chuma unatoka hapa. Mara nyingine unauona umebaki kwenye ngozi, kama unywele wa fedha.

Jaribio langu halimo tena kwenye vinyweleo vya mkono. Ni kichwa cha mpaini, kwa sababu mpaini ni laini na patasi butu inaubomoa. Na. 2 iliondoa utando mmoja mzima, mwepesi hata pumzi yangu ikaupeperusha, na pale ulipotoka pakabaki uso wa rangi ya asali wenye mng'ao, pete za mti zikihesabika moja moja. Kijana alipitisha kidole gumba hapo mara tatu. Hakusema kitu, akaenda kuchukua patasi yake ya nyumbani na kuanza kuipaka bapa wino.

Mipini mitatu nimeichonga kwa mpera. Wa kwanza ulipasuka kwa nyundo ya mkwaju, mti ulikuwa haujakauka. Mpera mwingine nilikuwa nimeuanika darini miezi mitatu, huo ndio nimeutumia, na kila mmoja una pete iliyokatwa kwenye bomba la chuma la nusu inchi kuzuia kichwa kisipasuke.

31 Agosti. Kazini

Wiki nne za milango: kuchimba vitasa, bawaba, matundu ya ulimi. Kwenye mpaini na mninga patasi zinakaa siku nzima, na mapito kumi ya ngozi jioni yanatosha. Mtiki, tunaoupata kutoka Longuza, unamaliza makali kwa nusu siku. Una silika ndani yake, kama mchanga laini uliochanganywa na mti, hakuna kunoa kutakakoondoa hilo. Nimepandisha mshazari mdogo hadi nyuzi 33 kwa kazi za mtiki, muda ukaongezeka.

Mvule ndio ulionipiga. Nilikuwa nachimba kitasa kwa Na. 1, mti unakatika vizuri, ghafla mkono ukasikia jiwe na jiwe lilikuwepo kweli. Mvule huweka chokaa ndani yake, mabonge meupe magumu yaliyojificha. Mdomo ukapata pengo la milimita moja na nusu. Kunoa hadi pengo kuisha kulinileta karibu na kile kishimo nilichokiacha Juni. Kimebakiza milimita 4 na nusu. Kwa mvule sasa natoboa kwanza kwa dreli. Kekee ikilia na kutoa unga mweupe, ninatumia patasi ya tupa.

16 Novemba. Vuli

Mvua zilipoanza nilikuta madoa ya kutu kwenye patasi tatu. Makosa ni mawili. La kwanza, nilizifunga kwenye mfuko wa ngozi, na ngozi hushika unyevu na chumvi zake. La pili, nilizipaka yale mafuta ya alizeti yaliyobaki Julai. Mafuta ya kupikia huganda yakikaa hewani. Yalikuwa yamekuwa ulimbo, vumbi la mbao limeshika, na vumbi hilo likanyonya unyevu. Nimeyaondoa kwa mafuta ya taa.

Sasa zinapakwa mafuta ya cherehani, kidogo sana, kwa kitambaa. Zile zinazokaa zaidi ya wiki bila kazi zinapakwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na mafuta hayohayo. Zinaning'inia kwenye ubao wenye matundu ukutani, zina hewa, hazigusani.

Gharama hadi leo: patasi 45,000, msasa karatasi 14, shilingi 21,000, pamoja na zile nne za ubao wa mninga, jiwe la pande mbili 12,000, dawa ya kung'arishia 6,000, siki 6,000, kioo 5,000, ngozi 3,000, brashi, mafuta ya taa, mafuta ya alizeti na nta, 3,000 kila kimoja, mkaa na mafuta ya cherehani 2,000 kila kimoja, kalamu 1,000, magadi 500. Jumla 115,500. Anayeanza leo akiwa na patasi zake mwenyewe atumie kioo, msasa sita, kalamu na ngozi, shilingi 18,000 kwa bei nilizolipa mimi, na mengine aongeze baadaye.

Na. 4 haijamalizika. Pembe iliyovunjika imesuguliwa nusu, inasubiri mpini, na bapa lake limenyooka sentimita 2 kati ya 3.